Usijionyeshee

Mama yangu alinionyesha mara moja tu, mchana kweupe, mahali palipokuwa panamuua. Mimi nikamsahihisha.

Nilikuwa nimesoma, ndiyo maana. Nilikuwa na mwaka mmoja na nusu wa kusoma mwili wa binadamu pale Ifakara, na mtu aliyesoma mwaka mmoja na nusu ni wa kuogopwa kuliko kiboko mwenye mtoto. Asiyesoma kabisa huuliza. Aliyesoma miaka mingi naye huuliza. Sisi wa katikati ndio tuliojua kila kitu. Ilikuwa miaka ya hamsini, bado tunatawaliwa, na msichana wa bonde la Kilombero aliyeweza kutaja mifupa yote ya kiganja alipita sokoni kana kwamba yeye ndiye aliyeiumba.

Chuo chetu kilikuwa cha wasaidizi wa wauguzi: wasichana tisa, vyumba viwili, na bati ambalo mvua ikinyesha lilimnyamazisha hata Mwalimu. Kilifungwa zamani na sina haja ya kulitaja jina lake. Ukutani ilining'inia picha ya mwanamume aliyechunwa ngozi, nyama nyekundu, mishipa ya buluu, uso kaugeuzia kwetu. Tulimwita Shemeji, kwa sababu ndiye mwanamume pekee tuliyeruhusiwa kushinda naye chumba kimoja. Sista msimamizi alikuwa amembania kiunoni kipande cha kaniki kwa pini nne. Kwa hiyo tuliujua mwili wa binadamu kuanzia utosini hadi kitovuni, kisha tukaruka mpaka mapajani. Siku moja mwenzetu aliuliza kibofu cha mkojo kinakaa wapi. Mwalimu akaielekeza fimbo yake kwenye kaniki, akasema, "Humo," akaendelea na magoti. Na sisi ndio tuliokuwa tunaandaliwa kwenda kuzalisha wanawake wa bonde zima.

Huyo Mwalimu alikuwa mganga msaidizi, Mwafrika kama sisi, aliyesomea mjini na kurudi na kaptula nyeupe iliyonyooshwa pasi hadi mkunjo wake ukaweza kukata mkate. Alituita "ninyi watu wa mpunga," utadhani yeye alikuwa anakula mawe. Tulimwogopa, tulimcheka, na kila mmoja wetu alitamani kuwa yeye. Mimi nilitamani kuliko wote.

Somo lake la kwanza lilikuwa kusimama. Simama wima, uso mbele, miguu pamoja, mikono chini, viganja vitazame mbele. Huo ndio mkao ambao elimu yote ya mwili inauanzia. Ukisema juu au chini, mbele au nyuma, katikati au pembeni, unamsema mtu aliyesimama hivyo, hata kama mgonjwa wako amelala kifudifudi. Kiwiko kiko karibu na shina la mkono, vidole viko mbali. Na kulia ni kulia kwa mgonjwa, si kulia kwako wewe unayemtazama. Yote hayo ni kweli, nimeyatumia maisha yangu yote ya kazi, sitaki kusema uongo kwa sababu nina hasira. Ila kwetu mtu anayesimama na viganja wazi namna ile ni mtu aliyetuhumiwa kuiba kuku na anaapa hana kitu. Tulisimama mstari mzima, wasichana tisa, tukikana kuku.

Baada ya kusimama tukafundishwa utawala. Chembe ndogo huungana zikawa tishu, tishu zikawa kiungo, viungo vikawa mfumo, na mifumo yote pamoja ndiyo mtu. Mwalimu hakuridhika na hilo lilivyo. "Ubongo ni Gavana," alisema. "Moyo ni Bwana Shauri. Mishipa ya fahamu ni matarishi. Ini ni karani: linafanya kazi zote na hakuna anayelishukuru." Hapo kwenye ini nadhani alikuwa anajisema mwenyewe. Nikanyoosha mkono nikauliza sisi tuko wapi katika mwili huo. Akanitazama kwa huruma. "Ninyi ni chembe," akasema. "Chembe haiulizi." Tukaandika kwenye madaftari kwamba chembe haiulizi, na Sista alipoyakagua akaweka alama ya vema.

Kulikuwa na jambo moja tu lililomshinda Mwalimu. Kwetu, ukisimulia ugonjwa wa mtu mwingine, au jeraha lake, huonyeshi kwenye mwili wako mwenyewe. Ukifanya hivyo unauita. "Usijionyeshee," utaambiwa, na mkono wako utadakwa kabla haujafika. Onyesha kwenye nguzo, au kwenye mchi, au hewani mbele yako. Na ikitokea mkono umekuponyoka ukajigusa, basi unajipangusa palepale, mara moja, na kuurusha ugonjwa pembeni unavyorusha pumba. Watu wengi walilifuata hilo kwa mazoea tu. Mama yangu alilifuata kama sheria, na pale kijijini kwetu Mbingu yeye ndiye aliyekuwa hakimu wake. Aliwahi kumkatiza mgeni aliyekuwa akitueleza jinsi kiboko alivyomng'ata mtu paja, akamwambia, "Baba, onyesha kwenye kinu." Mgeni akainuka, mtu mzima na mvi zake, akaonyesha kwenye kinu. Tangu siku hiyo kinu chetu nilikiona kina paja.

Sasa fikiria Mwalimu anasimama mbele ya wasichana waliolelewa hivyo, anasema, "Mgonjwa ana jipu kwapani. Onyesha." Wasichana tisa wananyoosha vidole kwenye mlango.

"Mwenye jipu ni mlango?"

"Hapana, Bwana Mwalimu."

"Mwili wako ndio kitabu chako. Onyesha!"

Fimbo ikifanya kazi yake, tukaanza kujigusa. Wenzangu waligusa wakajipangusa kwa siri chini ya meza, na ukiwa nyuma ya darasa ulisikia viganja vikisugua magauni kama panya kwenye makuti. Mimi ndiye wa kwanza kuacha. Nilijionyeshea ini lililovimba, nikajionyeshea wengu, figo, tezi za shingoni, bila kujipangusa na bila kupepesa macho. Mwalimu akanisifu mbele ya wote. Nikawaita wenzangu washamba, mimi niliyefika Ifakara na viatu vya kuazima.

Lakini lazima niseme jinsi nilivyofika. Baba alikuwa ameshanipatia mchumba, mgane mmoja mwenye baiskeli, na alichompendea mgane huyo zaidi ilikuwa hiyo baiskeli. Mama alikataa. Alikataa msimu mzima wa palizi, kwa maneno na kwa kunyamaza, mpaka baba akachoka akatoa masharti: niende, lakini nikirudi bila cheti naolewa mwezi huohuo. Mama akakubali kwa niaba yangu. Kwa hiyo cheti kile hakikuwa changu peke yangu, na mama alilijua hilo kuliko mimi.

Alikuja Ijumaa, mtihani ukiwa Jumatano inayofuata. Alikuwa ametembea siku mbili kutoka Mbingu na kikapu cha mchele na kambale wa kukaushwa, kwa sababu malori yalikuwa yameshaanza kuogopa tope. Wageni hawakuruhusiwa ndani, walikaa kwenye benchi upenuni. Nilifurahi kumwona, na niliona aibu kwa harufu ya wale samaki, na vyote viwili vilikuwemo ndani yangu kwa wakati mmoja.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekonda."

"Sijakonda, ni kusoma. Tuna mtihani Jumatano."

"Ukishinda unabaki kazini?"

"Nabaki."

"Na mtu asipokuwepo siku hiyo? Akiitwa nyumbani, tuseme?"

"Asiyekuwepo hana cheti, mama. Wala mtihani haurudiwi."

Akatikisa kichwa taratibu. Akapanga upya kambale kwenye kikapu, ingawa walikuwa wamepangika. Kisha akasema, "Kuna jirani yetu ana uvimbe. Hauumi. Mwaka jana ulikuwa kama punje ya kunde, sasa umefika yai la kanga. Uko hapa." Akaweka vidole viwili kwenye titi lake la kulia, juu, upande wa kwapani, akabonyeza. Akaviacha hapohapo, akanitazama.

Wenzangu wawili walikuwa wanapita na ndoo za maji wakasimama kusikiliza. Sitasingizia kwamba wao ndio walionifanya. Bila wao ningefanya vilevile, ila kwa sauti ndogo.

"Mama, sisi hatusemi 'hapa,'" nikamwambia. "Hapa ni wapi? Sema, sehemu ya juu ya nje ya titi la kulia. Kulia kwa mgonjwa."

"Sehemu ya juu ya nje," akasema mama.

"Na ukitaka kuonyesha, kwanza simama kwenye mkao. Wima. Mikono chini, viganja mbele."

Akasimama. Miguu ilikuwa bado na tope la njiani. Akaviachia viganja vyake mbele, viganja vya jembe, akaniangalia aone kama vimekaa sawa. Wenzangu wakacheka, na mimi nikacheka.

"Sasa huyo mama afanyeje?" akauliza, bado amesimama vile.

Nikamjibu kwa sauti ya Mwalimu, na hata kidevu nadhani nilikiinua kama yeye. "Aje mwenyewe. Hatutibu mgonjwa asiyekuwepo."

"Haya," akasema. "Nitamwambia."

Akalala kwa ndugu zetu karibu na soko, alfajiri akaondoka. Sikumwuliza ni jirani yupi. Sehemu yetu ya Mbingu ilikuwa na nyumba sita. Wanawake wa nyumba zote sita niliwajua kwa majina, kwa sauti, na kwa jinsi walivyotwanga.

Mtihani ulisimamiwa na Mama Daktari mmoja wa Kizungu aliyekuja kwa ajili hiyo, mwanamke mrefu mpole aliyezungumza Kiswahili cha kuokoteza lakini cha heshima. Sehemu ya mwisho ilikuwa hivi: kila msichana asimame aeleze mgonjwa mmoja aliyemwona au aliyesikia habari zake, ataje mahali pa ugonjwa kwa majina sahihi, na aonyeshe mwilini mwake. Wenzangu walileta majipu na vidonda vya miguu. Mimi niliona nina mgonjwa wa kuwazidi wote. Nilikuwa na jirani wa mama.

Nikasimama kwenye mkao. Nikaanza. Mwanamke mtu mzima, mkulima wa Mbingu, ana uvimbe mgumu usiouma, sehemu ya juu ya nje ya titi la kulia, unakua kwa mwaka sasa. Mwalimu alikuwa anatabasamu kule pembeni, kaptula yake ikitabasamu naye. Nikainua mkono nikaweka vidole viwili juu ya titi langu, upande wa kwapani, nikabonyeza. Mkono wangu ukafanya kitu ambacho ulikuwa haujakifanya kwa mwaka mzima: ukataka kujipangusa. Sijui kwa nini siku ile. Labda kwa sababu vidole vilikaa mahali palepale nilipoviona vya mama. Nikavizuia, na katika kuvizuia nikamwona tena mama wa Ijumaa ile, kule upenuni.

Mama hakujipangusa.

Mama aliyempeleka mzee wa watu kwenye kinu, alijionyeshea ugonjwa wa jirani mchana kweupe, akaviacha vidole vyake pale, wala hakujipangusa. Hakuna jirani duniani ambaye mama yangu angemfanyia hivyo. Mtu hujionyeshea ugonjwa mmoja tu bila kujipangusa, nao ni wa kwake.

Nilijua yote hayo nikiwa nimesimama pale, viganja mbele. Na nikaendelea. Nikataja tezi za kwapani ambazo daktari lazima azipapase, nikataja misuli iliyo chini ya titi na mbavu zilizo chini ya misuli. Sikukosea hata neno moja. Mama Daktari akaandika, akaniambia, "Vizuri sana." Kisha akauliza, "Na mgonjwa huyu, yuko wapi sasa?"

"Mbingu."

"Kwa nini hakuletwa?"

Nikamwambia niliagiza aje mwenyewe. Akaacha kuandika, akanitazama juu ya miwani yake, halafu akamwita msichana aliyefuata.

Jioni ile nikamwendea Mwalimu kuomba ruhusa. Alinieleza kwa upole kabisa kwamba vyeti vitatolewa Jumapili baada ya ibada, mbele ya wageni, na asiyepokea kwa mkono wake hapokei. Nikamwambia ni mama yangu. Akasema kila mtu ana mama. Nimemchukia kwa neno lile miaka mingi, na ilikuwa raha kumchukia, maana nilipokuwa namchukia sikuhesabu siku. Ilikuwa Jumatano. Mlango haukuwa na kufuli. Nikasubiri mpaka Jumapili. Nikaimba, nikapokea cheti, nikapigiwa makofi. Shemeji alikuwa ametolewa nje kwa sherehe, na kaniki yake ilikuwa imefuliwa.

Mvua ilishafunga njia. Nilitembea, nikavushwa kwa mtumbwi penye maji, nikatembea tena, cheti nimekifunga kwenye mfuko wa turubai kifuani ili kisilowe. Nilimkuta mama kwenye mkeka, mlangoni penye mwanga, anachambua mchele kwa mkono wa kushoto. Mkono wa kulia ulikuwa umevimba.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekipata?"

Nikakitoa. Akakishika, akakigeuza juu chini, akakinusa. Hakujua kusoma. Akamwita baba aje akione, baba akaja, akakiona, akatoka bila kusema habari za baiskeli. Ndipo mama akanigeukia, na mdomo wake ulikuwa na ule mkunjo wa utani niliokuwa nimeusahau huko kwenye elimu.

"Yule jirani nilimwambia," akasema. "Kasema atakuja, ila njia ina maji."

Nikalia. Nilimwuliza kwa nini hakuniambia siku ile kwamba ni yeye. Akasema ningeacha mtihani nikamfuata, kisha wote wawili tungekuwa hatuna kitu, yeye hana afya na mimi nina mgane. "Nilikuonyesha," akasema. "Nikasema, akiona ameona. Asipoona, basi anasoma."

Tulimbeba kwa machela maji yalipopungua. Hospitalini daktari akapapasa kwapa, akapapasa shingo, akavua miwani. Akaniambia uvimbe umeshavuka kwapa umeingia ndani, na kwamba hata ningemleta siku ile ya Ijumaa huenda ingekuwa vilevile. Aliniambia hivyo mara mbili, bila kuulizwa. Nilimshukuru. Baadaye na mimi nimewaambia watu wengi maneno hayohayo, tena kwa uso uleule, kwa hiyo najua yana thamani gani.

Mama alikufa mpunga ukivunwa. Watu wa nyumba zote sita waliacha mavuno wakaja.

Siku ya pili ya matanga walifika shangazi na mama wakubwa kutoka mbali, ambao hawakuwa wamemwona tangu augue. Walikaa kwenye mikeka wakinizunguka, wakitaka kujua, kama watu wanavyotaka kujua. Alianzaje? Ulikuwa mahali gani hasa? Wewe uliyesoma, tueleze. Nami nilikuwa na majina yote. Nilikuwa na sehemu ya juu na sehemu ya nje, nilikuwa na tezi na misuli na mbavu kwa hesabu yake. Nikafungua mdomo na hakuna hata moja lililotoka.

"Hapa," nikasema, nikaweka vidole viwili kwenye titi langu la kulia, juu, upande wa kwapani.

Mama mkubwa akanidaka kifundo cha mkono. "Usijionyeshee, mwanangu! Jipanguse! Jipanguse upesi!"

Wote wakaningoja. Nikaviacha vidole palepale, wala sikujipangusa.